Mama, Maji Yamefika Wapi?



Muhula huu nimepewa darasa la watoto wa miaka minane hadi kumi. Somo la wiki ya tatu lilikuwa majira ya mwaka. Niliandika ubaoni masika, kipupwe, vuli na kiangazi, nikaeleza kila moja huja lini huko kwetu, kisha nikatoa zoezi jepesi: malizia sentensi "Mvua ni…". Mimi nimekulia Dar es Salaam, na jibu nililolitarajia unalijua. Mvua ni baraka. Mvua ni neema. Hata harusini mvua ikidondoka, watu hupongezana.

Nikakusanya madaftari. Mmoja ameandika, "Mvua ni kutokwenda shule." Mwingine, "Mvua ni bibi hapatikani kwenye simu." Wa tatu ameandika neno moja tu, kwa herufi kubwa: MAFURIKO. Huyo wa tatu ni mwanangu wa kumzaa.

Sikumwekea mkasi. Sarufi yake ilikuwa safi, na habari yake ilikuwa ya kweli.

Kama ulikuwa Durban usiku wa Jumatatu, tarehe 11 Aprili 2022, huna haja ya kusimuliwa. Kama ulikuja baadaye, au unasoma ukiwa mbali, nikueleze kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa, ardhi ya vilima imeshalowa, ndipo ikaja ile kubwa yenyewe. Kuna sehemu zilizopata zaidi ya milimita 300 ndani ya saa 24. Katika mkoa wetu wa KwaZulu-Natal walikufa zaidi ya watu 430, na makumi ya maelfu wakabaki bila makazi. Kusini mwa jiji makontena yalielea hadi barabara kuu kama maboksi ya viatu. Madaraja yalikatika, mabomba ya maji yakang'olewa, mitambo ya kusafisha maji taka ikaharibika, na uchafu wake ukateremka baharini.

Sisi tulikuwa ghorofa ya tisa, hapa hapa South Beach, nyuma ya mahoteli. Hatukuguswa. Nasema hatukuguswa, lakini maji ya bomba yalikatika, lifti ikasimama, na kwa siku kadhaa tulipandisha maji kwa ngazi. Mwanangu alikuwa na miaka sita. Alibeba dumu lake la lita tano, akawa anapumzika kila ghorofa na kuzihesabu kwa Kiswahili. Wakati huo niliona ni mchezo mzuri.

Jumamosi ya Pasaka nikashuka naye ufukweni akapunge hewa. Bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mchanga hauonekani: matete, magogo, chupa za plastiki, ndala za mguu mmoja mmoja. Katikati ya vitu hivyo ulilala mlango. Mlango wa mbao, umepakwa rangi ya samawati, na komeo lake bado lipo.

"Mama, huu mlango wa nani?"

"Takataka tu, baba. Mtu ameutupa."

Akachuchumaa. Akalivuta komeo, akalirudisha, akalivuta tena. "Mbona linafunga?"

Nikamshika mkono tukarudi nyumbani. Ndivyo nilivyojibu. Mwalimu mzima, mwenye maneno ya kutosha kufundisha watoto wa wenzangu kila Jumamosi, nilishindwa kumwambia mwanangu kwamba ule mlango ulikuwa wa nyumba ya mtu, na kwamba mto ulikuwa umeichukua nyumba hiyo.

Tangu hapo, kila mvua ikinyesha usiku, aliamka. Husikii hatua zake. Unashtukia tu amesimama dirishani kwangu, paji la uso limegusa kioo. "Mama, maji yamefika wapi?" Nami namjibu, "Lala, mwanangu. Yamekwisha. Hayarudi tena." Yakarudi tarehe 21 Mei, wiki sita tu baadaye. Mvua kubwa tena, barabara zikakatika tena upande wa kaskazini. Asubuhi yake hakulia, wala hakunilaumu. Aliniangalia akasema, "Ulisema hayarudi." Mzazi mwenzangu, afadhali angelia.

Nitakwambia ninachokiona sasa, na kama unaona vingine, njoo tubishane wakati wa chai. Tunadhani watoto wetu wana wasiwasi kwa sababu wanasikia mengi mno. Mimi naona wana wasiwasi kwa sababu wanasikia nusu. Tena wetu sisi wanasikia nusu mbili. Mtoto wa jirani yangu Mzulu anaogopa mvua ya hapa. Mtoto wetu anaogopa mvua za nchi mbili. Simu zetu huita wakati wa chakula cha jioni: ni Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe umevunja kingo zake. Ni Kalehe, Mei 2023, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vimefukiwa na mamia ya watu wamekufa. Ni Rufiji, Aprili 2024. Ni Mai Mahiu, siku za mwisho za mwezi huo huo. Tunasikiliza ujumbe wa sauti kwa kipaza, tunaguna, tunasema "Mungu wangu," kisha tunamgeukia mtoto: "Wewe kula." Anakula. Lakini masikio hayana mlango.

Baada ya zoezi lile la mvua, niliomba ruhusa ya wazazi nikabadilisha somo la wiki iliyofuata. Sikutaka kuleta video. Nilimwalika mama mmoja wa darasa letu, mwenyeji wa Uvira, aje asimulie kwa mdomo tu. Watoto walikaa chini. Akasema, "Mayi ilikuja tukiwa ndani," na mwanafunzi mmoja akanitazama kwa sababu darasani tunaandika "maji yalikuja". Sikumsahihisha mtu. Kiswahili cha Kivu ni Kiswahili, na siku ile ndicho kilichokuwa kinafundisha.

Alisimulia jinsi jirani yake wa upande wa juu alivyotoka nje na sufuria na mwiko, akagonga huku akipiga kelele, na yule wa pili aliposikia akachukua sufuria yake akagonga pia, mpaka mtaa mzima ukawa unagonga. Walipanda juu, watoto mgongoni. Nyumba yake ilikwenda. Yeye na watoto walibaki. Watoto wa darasani hawakumwuliza kuhusu nyumba. Waliuliza: sufuria ilikuwa kubwa kiasi gani? Nani aligonga wa kwanza? Kama angekuwa amelala? Mama yule akacheka. Akasema kwao mtu akilala, jirani anaingia kumwamsha bila kubisha hodi.

Ndipo nami nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kumwambia mwanangu. Desemba 2011 mimi nilikuwa Dar. Mwezi huo huo mji huu wa Durban ulikuwa na wageni kutoka dunia nzima, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi, uliofungwa alfajiri ya tarehe 11. Siku tisa baadaye, tarehe 20, mvua ilianza kupiga Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likajaa, na watu wapatao 40 wakafa. Shangazi yangu alikuwa akiishi Jangwani. Kila msimu wa mvua alikuwa akichora mstari wa mkaa ukutani, chini ya dirisha. Maji yakifika kwenye mstari, hakuna kujadiliana, watoto wanatoka. Usiku ule yalifika. Walitoka na begi la nguo na redio. Baadaye serikali iliwapa baadhi ya watu wa bondeni viwanja Mabwepande, mbali na mjini, na wako walionung'unika kwa sababu riziki yao ilibaki bondeni. Hilo nalo ni kweli na watoto waliuliza: kwa nini mtu ajenge mahali penye maji? Nikawajibu kwamba wengi hujenga pale wanapoweza kupata, karibu na kazi, na pale pazuri pana wenyewe. Ndivyo ilivyo Dar, na ndivyo ilivyo hapa.

Hapa kwetu kuna mtaa uitwao Quarry Road West, vibanda vilivyobanana kando ya mto Palmiet, ambao humwaga maji yake katika mto uMngeni. Wakazi wake, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal na maofisa wa jiji, walitengeneza utaratibu wao wa kupeana tahadhari kwa WhatsApp. Wataalamu wa jiji hutuma utabiri; wanaoishi upande wa juu wa mto hutuma picha za maji yanavyopanda; viongozi wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba wakiwaamsha watu. Aprili 2022 nyumba nyingi za pale zilisombwa, lakini watu walikuwa wameshatolewa, na utaratibu ule umesifiwa kwa kuokoa maisha mengi. Nilipowaeleza watoto, binti mmoja wa mbele akasema kabla sijamaliza: "Hiyo ni sufuria!" Naam. Sufuria ya kwenye simu.

Siku hiyo mwanangu alikaa kimya mpaka tulipofika nyumbani. Kisha akauliza, "Milimita 300 ni nyingi kiasi gani?"

Nikachukua rula yake ya shule, ile ya sentimita 30, nikaisimamisha sakafuni. "Mpaka hapa juu."

"Tu?"

Alitarajia kitu kirefu kuliko jengo. Kwa miaka mitatu kichwani mwake maji yalikuwa yanapanda mpaka ghorofa ya tisa, nami sikujua, kwa sababu nilikuwa nikimwambia alale. Nikamweleza: rula hii ijaze maji juu ya kila paa, kila barabara, kila uwanja wa mpira, ndani ya siku moja, halafu vilima vyote viyamwage maji hayo mabondeni kwa wakati mmoja. Hapo akaelewa. Akaelewa pia kwa nini yule wa bondeni aliumia na sisi wa ghorofani tulibeba ndoo tu. Kisha nikamwambia kuhusu mlango. Nilimwambia ulikuwa wa nyumba ya watu, na kwamba nilimdanganya kwa sababu niliogopa. Akasema, "Nilijua." Akaenda kuoga.

Ameniuliza pia kwa nini mvua zimekuwa hivi, na hili ni vyema ulijue kabla mwanao hajakuuliza. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takribani asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kikundi cha wanasayansi kiitwacho World Weather Attribution kiliichunguza mvua ile ya Aprili. Kikakuta kwamba mvua ya namna hiyo, ambayo zamani ingetokea takribani mara moja katika miaka 40, sasa hutokea takribani mara moja katika miaka 20, kwa sababu ya joto ambalo binadamu ameliongeza duniani kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Usimfiche mwanao. Mwambie pia kwamba miaka 20 haina maana kwamba baada ya moja unapumzika 19. Mei ile ilitufundisha.

Sasa kuhusu chupa. Tumeanza darasani kupima mvua wenyewe. Unachukua chupa ya soda ya lita mbili yenye ubavu ulionyooka, unaikata sehemu ya juu, unaigeuza ile shingo iingie ndani kama faneli. Chini unaweka kokoto isiyumbe, unamwaga maji mpaka yafike sehemu iliyonyooka, na hapo ndipo sifuri yako. Unabandika kipande cha karatasi chenye milimita, unakifunika kwa gundi ya plastiki. Usiiweke kwenye baraza la ghorofa. Baraza la juu litaifunika na upepo utakudanganya. Sisi mlinzi wa jengo letu alitukubalia tuifunge kwenye nguzo ya uwanja wa magari. Kabla ya shule mwanangu anashuka, anasoma, anaandika, anamwaga. Mlinzi yule siku hizi humwuliza namba kabla ya kumwuliza hali.

Matokeo hutumwa kwenye kundi la wazazi: Albert Park, Umbilo, Glenwood, South Beach. Kila nyumba inajua ni nani wa kumpigia nyumba ya pili, na nani anakaa karibu na mto. Onyo la idara ya hali ya hewa likitoka, watoto hulitangaza wao kwa Kiswahili: njano, rangi ya machungwa, nyekundu. Rangi walizifahamu tangu darasa la kwanza. Sasa wana kazi nazo.

Sitakudanganya na wewe. Hofu haijaondoka. Bado huamka mvua ikipiga. Lakini swali limebadilika, anauliza, "Itakuwa ngapi?" nami namjibu, "Asubuhi tutapima." Jibu hilo silazimiki kulifuta kesho yake.

Bahari nayo waliiuliza, maana tunaishi mdomoni mwake. Itatumeza? Niliwapeleka matembezi, kutoka uShaka kufuata njia ya ufukweni, nikawaonyesha kwamba huu mchanga wanaochezea haukujileta wote. Mchanga wa pwani hii husafiri kutoka kusini kwenda kaskazini, na kuta za mlango wa bandari huuzuia. Kwa hiyo huchimbwa upande wa kusini na kusukumwa kwa mabomba kuja kwenye fukwe za mjini. Watoto walifurahi kupita kiasi kusikia kwamba ufukwe una bomba lake. Mwezi Machi 2007 mawimbi ya zaidi ya mita nane yalikuja wakati wa maji bamvua, yakabomoa pwani hii sehemu nyingi. Palipokuwa na matuta yenye mimea, mchanga huwa na kitu cha kuushika. Wako watu wa mji huu wanaoyapanda upya matuta hayo kwa mikono yao, mche mmoja mmoja.

Katika moja ya matuta hayo mama mmoja wa Mombasa aliyefuatana nasi aliinama akainua mmea unaotambaa, jani lake limegawanyika kama kwato ya mbuzi, ua la zambarau. "Huu mbona uko kwetu!" Akapiga picha akamtumia mamake. Watoto wakajipanga pembeni mwa tuta, hakuna aliyeukanyaga. Nakiri sikuwa nimewaambia wasiukanyage.

Baba mmoja wa Kwale naye akatueleza habari za Gazi, ambako wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja hutunza na kupanda mikoko, na fedha inayopatikana kwa hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti hiyo huenda kwenye mabomba ya maji na madarasa ya kijiji. Mwanangu akamwuliza kama watoto wanaruhusiwa kupanda. Akamwambia matope ya mikoko ni ya watoto hasa; watu wazima huzama.

Alhamisi iliyopita ilinyesha usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi alishuka na rula yake mfukoni, akarudi ameloa mabega: 31. Akaandika kwenye kundi. Umbilo wakajibu 34. Kutoka Albert Park yule mama wa Uvira akatuma sauti: "Huku 29. Hatujagonga sufuria. Nenda shule, mtoto."

Chupa zilizokwishakatwa ziko kwenye boksi, mlangoni mwa darasa letu. Zimebaki kumi na moja. Kokoto lete mwenyewe, lakini usizitoe kwenye matuta. Na kama nyumba yenu iko karibu na mto au mfereji, niambie Jumamosi, mimi au mzazi yeyote wa zamu, tukuandike kwenye karatasi ya wa kupigiwa kwanza.